Taa ya Breki na Majirani Zake

Mhadhara uliotolewa Morogoro mbele ya madereva wa mabasi na malori, wamiliki wa magari na walimu wa shule za udereva

Mheshimiwa mwenyekiti, wamiliki, madereva, walimu wa udereva, na nyinyi askari wetu mliokaa kule mlangoni kana kwamba mnasubiri tutoke mtukague leseni: wakubwa shikamooni, wengine habari za asubuhi.

Wanaonifahamu wanajua nitakachosema. Mzee wangu hapa safu ya mbele alishanisikia Iringa, akanisikia Dodoma, na leo kaja tena. Ama hoja zangu zimemkolea, ama anasubiri chakula cha mchana. (Kicheko.) Kwa heshima yake nitaruka utangulizi. Simu mkononi, pombe, usingizi, mwendokasi: mmeshaambiwa, na anayefanya anafanya huku akijua. Ugomvi wangu mimi ni na kitu mnachokilipia pesa halali kwa fundi umeme mkidhani mnapendezesha gari: taa za urembo mgongoni mwa gari.

Nendeni stendi ya Msamvu saa mbili usiku mkasimame nyuma ya basi. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, mambo haya yamezidi. Kuna taa mbili za breki alizoziweka mtengenezaji, kushoto na kulia. Halafu kuna ukanda wa LED nyekundu uliozungushwa kioo cha nyuma, mwanga wake unakimbia kutoka upande huu kwenda ule. Chini ya namba za gari kuna buluu na kijani zinazopokezana. Juu ya bampa kuna vimulimuli vyekundu vinavyopepesa safari nzima, breki ikanyagwe isikanyagwe. Wewe uliye nyuma yake una swali moja tu: huyu anasimama au anakwenda? Ni swali la ndiyo au hapana, na jibu lake liko kwenye taa mbili zilizozama katika utitiri ule.

Nikieleza hivyo, jibu ninalopewa ni lile lile kila ukumbi: "Mwalimu, mimi hayo mapambo siyatazami. Natazama breki tu." Haya, tuanzie hapo hapo.

Namhitaji mtu mmoja. Kijana wa fulana ya njano, njoo mbele. Unaendesha nini? Fuso, mzigo wa vitunguu. Safi, macho yako yana kazi. Nina kadi hapa, kila moja ina alama kadhaa. Usisome kilichoandikwa. Niambie tu alama ziko ngapi, upesi upesi. Kwanza nyota. Ziko ngapi? Tatu. Hizi? Nne. Hizi? Mbili. Mnaona, kijana hana shida. Sasa hizi hapa:

3 3

1 1 1 1

4 4 4

2

(Kicheko kirefu.) Mmesikia wenyewe. Ya kwanza kasema "tatu", kajishika mdomo, ndipo akasema "mbili". Ya pili kapatia, lakini alisita kwanza. Ya tatu: "Nne… hapana, tatu." Na nyinyi mnaocheka, nimewaona midomo yenu ikicheza, nusu yenu mlikosea naye. Asante kijana, kakae, hukufanya kosa lolote.

Nani alimlazimisha kusoma zile tarakimu? Mimi nilimkataza. Yeye mwenyewe hakutaka, maana kulikuwa na watu wanamtazama. Zilisomeka kabla hajaamua kuzisoma. Halafu ikabidi jibu ambalo hakulitaka lizuiwe, lirudishwe, na jibu sahihi lipewe nafasi. Huko kuzuia na kurudisha ndiko kulikochukua muda mliousikia kwa masikio yenu. Ubongo una mlinzi wa geti, na kila asiyetakiwa kuingia ni lazima asimamishwe getini, atazamwe, arudishwe. Foleni inasogea polepole hata kama hakuna aliyepenya.

Jambo hili halikugunduliwa jana. J. Ridley Stroop wa Nashville, jimbo la Tennessee kule Marekani, mtu ambaye baadaye alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kufundisha Biblia, alichapisha majaribio yake mwaka 1935. Aliwapa wanafunzi vipande 100 vya rangi wavitaje: nyekundu, kijani, buluu na kadhalika. Kwa wastani walitumia sekunde 63. Kisha akawapa maneno 100, kila neno ni jina la rangi lakini limechapwa kwa wino wa rangi nyingine. Neno linasema "kijani", wino ni mwekundu, taja wino. Sekunde 110. Watu wale wale, rangi zile zile, na muda umeongezeka kwa karibu robo tatu. Kilichoongezeka ni neno ambalo waliagizwa wasilisome.

Sasa najua kuna dereva wa miaka mingi anasema moyoni: mimi mzoefu, hilo ni la vijana. Kaka, mambo ni kinyume chake. Mpe jaribio la Stroop mtoto anayejua rangi lakini hajajua kusoma. Anakutajia wino mmoja baada ya mwingine bila kusita, neno kwake ni michoro tu. Anayesumbuka ni msomaji. Na kijana wetu hapa kajikwaa kwenye "4 4 4" kwa sababu anazijua tarakimu barabara. Uzoefu ndio unaomfungulia geti yule asiyetakiwa. Kwa hiyo dereva mwenye uzoefu wa miaka ishirini, ambaye mguu wake umejifunza kuruka juu ya breki kila anapoona wekundu unawaka mbele yake, ndiye ambaye wekundu wowote, hata wa urembo, unamgusa mguu. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza angepita hivi hivi, na angegonga kwa sababu nyingine kabisa. (Kicheko.) Mazoezi maalumu yanapunguza usumbufu, Stroop mwenyewe aliliona hilo alipowafanyisha watu wake mazoezi kwa siku kadhaa. Yanapunguza. Sijasikia ninyi mkifanya mazoezi hayo.

Lakini mtu mbishi, na wabishi nawapenda, atasema: kwenye kadi zako kitu cha kupuuza na kitu cha kutazama ni kimoja, tarakimu ndiyo alama yenyewe. Barabarani taa ya breki iko pale na pambo liko kando yake. Natazama pale, kando sikutazami. Hoja nzuri. Ilijibiwa mwaka 1974.

Jaribio hili nitalieleza polepole na mwenyekiti atanivumilia, maana nikiambiwa nichague jambo moja tu la kuwaachia, ni hili. Barbara Eriksen na Charles Eriksen, wa Chuo Kikuu cha Illinois, walimweka mtu mbele ya kioo chenye alama ndogo ya kukazia macho. Juu kidogo ya alama hiyo itatokea herufi. Ikiwa H au K, sukuma wenzo upande mmoja. Ikiwa S au C, sukuma upande wa pili. Basi. Herufi ya kujibu inatokea mahali pale pale kila mara. Haitafutwi. Mtu anajua ni wapi, anajua ni ipi, mkono uko kwenye wenzo.

Halafu wakaiwekea majirani. Mara nyingine ilikuja hivi:

H H H H H H H

Mara nyingine hivi:

S S S H S S S

Jibu ni lile lile, ni H ya katikati. Wameambiwa waziwazi: za pembeni hazina kazi, zipuuzeni. Na katika safu hiyo ya pili walichelewa. Si kwa sababu herufi ya katikati ilijificha, ilikuwa pale pale. Walichelewa kwa sababu majirani walikuwa wanaamuru mkono usukume upande wa pili.

Hapo nataka mtulie, kwa sababu ndipo madereva wengi na hata wataalamu wanapoteleza. Tumezoea kudhani kinachosumbua ni kitu kigeni, kitu cha ajabu, bango la msichana anakunywa soda. Majirani wa Eriksen hawakuwa wa ajabu. Zilikuwa herufi za kawaida, ukubwa ule ule. Ubaya wao ni kwamba walikuwa wa kazi ile ile, wakisema jibu tofauti. Kwa hiyo picha ya simba mgongoni mwa basi hainikoseshi usingizi. Simba haamuru mguu wako kitu. Jina la timu yako, haya, liandike. Lakini taa nyekundu inayowaka na kuzimika umbali wa kiganja kutoka taa ya breki hiyo inatamka neno lile lile ambalo breki inalitamka, wakati breki haijatamka. Na kijani inayopokezana na buluu inatamka "pita" wakati breki imesema "simama".

Kuna jambo la pili walilolipima, nalo ni umbali. Kadiri majirani walivyosogezwa mbali na herufi ya katikati, ndivyo usumbufu ulivyopungua, na walipofika digrii moja ya jicho ulikuwa umebaki mdogo. Digrii moja ni nini? Nyoosheni mkono mbele, wote, hata nyie wa mlangoni. Inueni kidole cha mwisho. Upana wa ncha ya kidole hicho ndiyo kama digrii moja. Ndani ya upana huo huna uwezo wa kuchagua vizuri; macho yako yanachukua vyote kwa pamoja.

Sasa tufanye hesabu ya barabarani. Mita 50 nyuma ya basi, digrii moja inachukua karibu sentimita 90. Taa yoyote iliyo chini ya hapo kutoka taa ya breki ni jirani mbaya. Mita 100 nyuma, digrii moja inakuwa mita 1.75, na basi zima lina upana wa mita mbili na nusu. Maana yake nini? Ukiwa mita 100 nyuma, sehemu kubwa ya mgongo wa basi imeingia chini ya kidole chako cha mwisho. Hakuna pembe ya kulia wala ya kushoto ambapo pambo jekundu litakuwa mbali vya kutosha. Wewe unayesema "sizitazami", huna jicho la kutekeleza unachokisema. Hakuna binadamu mwenye jicho hilo.

Nasikia mtu kanong'ona, "Huko kuchelewa ni kiasi gani?" Nilikuwa naisubiri. Kwenye majaribio ya aina hii ni sehemu ya kumi ya sekunde, mara nyingi chini ya hapo. Mnacheka. Haya. Basi kwa kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kila sekunde. Sehemu ya kumi ya sekunde ni mita mbili na ushee. Mita mbili ndiyo tofauti ya kusimama salama na kuingiza bampa lako kwenye kiti cha nyuma alichokaa bibi wa watu.

Na siwadanganyi kwamba namba ya maabara ndiyo namba ya barabara. Ya barabara ni mbaya zaidi. Yule mwanafunzi wa Illinois alikuwa ametulia, mkono kwenye wenzo, anasubiri. Dereva anayetegemea kufunga breki anahitaji kama sekunde 0.7, ambaye hakutegemea, akaona tu taa za breki za aliye mbele zinawaka, anahitaji kama 1.25. Hapo hatujamwongezea majirani. Tena ucheleweshaji ni nusu ya hasara. Nusu ya pili ni makosa: anayebonyeza upande usiofaa, anayefunga breki kwa pambo, akagongwa yeye kwa nyuma. Na yule aliyefuata kimulimuli kutoka Chalinze, akaona kikipepesa mamia ya mara na basi halisimami, anajifundisha nini? Anajifundisha kwamba wekundu wa gari lile hauna maana. Kisha linasimama.

Wamiliki wananiambia taa nyingi zinafanya gari lionekane. Ni kweli, na sina ubishi. Gari linaonekana. Ila kuonekana kwamba lipo na kueleweka linafanya nini ni mambo mawili, na kugonga kwa nyuma mara nyingi ni kumgonga mtu uliyekuwa unamwona tangu kilomita tano zilizopita. Ukitaka gari lionekane, bandika viakisi. Havipepesi, havidanganyi, na havili betri.

Wengine wanataja Nairobi: vijana wanaacha matatu iliyo wazi wanasubiri yenye muziki, skrini na taa, kwa hiyo urembo ni biashara. Sawa, fanyeni biashara. Ubavuni wekeni hata tausi mzima. Ndani ya gari fanyeni harusi. Mgongoni niachieni. Mgongo wa gari si wenu, ni wa mtu aliye nyuma yenu. (Makofi.) Msipige makofi, nendeni mkang'oe.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Ngoja niseme la kujenga, maana naambiwa kazi yangu ni kukataza tu. Mwaka huo huo wa 1974 yalichapishwa matokeo ya mwanasaikolojia mwingine, John Voevodsky, aliyefunga taa ya ziada ya breki kwenye teksi za San Francisco, chini ya kioo cha nyuma, katikati, mbali na taa nyingine. Teksi zile zikagongwa kwa nyuma pungufu kwa asilimia 60.6 kuliko zisizo nayo. Kuanzia magari ya mwaka 1986, Marekani ikailazimisha taa ya tatu ya breki kwa magari madogo yote mapya. Msishangilie mapema. Taa ilipokuwa kwenye kila gari, ugeni ukaisha, na faida ya kudumu ikapimwa kuwa kama asilimia 4.3. Ni ndogo ukilinganisha na ya teksi, lakini ni taa moja tu ya bei nafuu, na asilimia nne ya nchi nzima ni watu wengi. Mimi ninachokiona katika taa ile ni masharti ya Eriksen yametimia: iko peke yake, iko juu, mbali na majirani, na haiwaki kwa sababu nyingine yoyote. Sasa fundi wetu anaichukua taa hiyo hiyo ya tatu, anaiunganisha na kifaa cha kuipepesa, anaizungushia ukanda mwekundu. Anairudisha mtaani kwa majirani. Inaniudhi, samahani, inaniudhi sana.

Nilikuwa na mambo mengine matatu. Nitayakimbiza.

La kwanza ni la mtafiti anayeitwa Nilli Lavie, tangu mwaka 1995. Watu wanadhani usumbufu ni mbaya zaidi mahali penye msongamano. Lavie alionyesha kwamba kazi ya macho ikiwa nzito, ikajaza uwezo wote, visivyohusika vinakosa nafasi ya kuingia. Kazi ikiwa nyepesi, uwezo unaobaki haukai bure, unamwagikia kwenye visivyohusika, upende usipende. Kwa hiyo Ubungo, Dar es Salaam, saa kumi na mbili jioni, na bodaboda wanakukata kila upande, si lazima pawe mahali ambapo pambo linakuibia zaidi. Ni ile barabara iliyonyooka baada ya Gairo, saa nane usiku, una kitu kimoja tu mbele yako cha kutazama, nacho ni mgongo wa basi uliojaa vimulimuli. Hapo ndipo vinaingia vyote. Walimu wa udereva, hili silioni likifundishwa popote, na ningependa mlichukue.

Sehemu ya pili ya Lavie, kuhusu mtu mwenye mawazo mengi kichwani, naiacha. Kwa kifupi mambo yanageuka, mzigo wa mawazo unafungua geti badala ya kulifunga. Dereva aliyegombana na tajiri wake asubuhi, mwelewe hivyo.

La pili ni ile video ya mtu aliyevaa kama sokwe anayepita katikati ya watu wanaorushiana mpira, na watazamaji wengi wanaohesabu pasi hawamwoni. Mmeiona wote, sitaionyesha, nimeichoka. Ila kwa wazoefu wangu: mwaka 2013 watafiti waliweka picha ya sokwe kwenye picha za CT za mapafu, zile za mionzi zinazoonyesha ndani ya mwili, ukubwa wake mara 48 ya kinundu ambacho madaktari hutafuta, wakawapa wataalamu 24 wa kusoma picha hizo. Ishirini hawakumwona. Wale ni wataalamu wa kutazama, ndiyo mkate wao.

La tatu lilikuwa mabango ya kidijitali karibu na taa za kuongozea magari. Hoja ni ile ile, jirani ni yule yule ila kavaa suti. Naliacha.

Swali moja, mwenyekiti ameruhusu. Dada pale. … Anauliza: bajaji na bodaboda, ambazo taa zake za nyuma ni ndogo, nao wasiongeze? Waongeze, dada, lakini waongeze iliyotulia: taa nyekundu isiyopepesa ya kuonyesha kwamba wapo, na viakisi kwenye jaketi ya dereva. Ukiacha indiketa, breki iwe ndicho kitu pekee mgongoni kinachobadilika. Kibadilike kitu kimoja, kwa sababu moja.

Na kwa mabasi: taa ya tatu iwekeni juu, katikati ya kioo cha nyuma, izungukwe na giza la mita moja kila upande, iunganishwe na pedali ya breki pekee. Bei yake muulizeni fundi. Mimi ni mwalimu wa saikolojia, na mzee wangu wa safu ya mbele ameshaanza kunusa pilau.